Pembe Thelathini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa shule ametangaza kwamba nafasi ya Mwalimu wa Taaluma iko wazi. Atateua mtu kabla ya wiki ijayo kwisha. Nimefundisha historia hapa miaka kumi na saba na nimerukwa mara tatu. Mwalimu wa Taaluma ana chumba chake. Chumba kina feni na mlango, na mlango una ufunguo. Mimi nina nusu ya meza katika chumba cha walimu. Nusu nyingine ni ya mwalimu wa fizikia, ambaye vitabu vyake vinasogea upande wangu kila wiki kwa upana wa kidole. Nimepima.

Fizikia (simwiti kwa jina lake, hata humu ndani) naye anaitaka nafasi hiyo. Anajifanya haitaki. Hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Bi Hesabu ameanza likizo ya uzazi. Mkuu akauliza nani atamshikia kidato cha nne mpaka apatikane mwalimu wa muda, labda wiki tatu. Fizikia akawa anafikiria ratiba yake. Mimi sikufikiria. Nilinyoosha mkono mpaka kiti kikalia. Mkuu akauliza kama nina hakika, maana darasa limefika kwenye radiani. Nikasema radiani ndiyo chakula changu. Njiani kwenda nyumbani nikajaribu kukumbuka radiani ni nini.

Jumanne, 4 Machi

Kipindi cha kwanza na kidato cha nne. Wanafunzi thelathini na nane, wote macho kodo. Nikawaambia mwalimu mzuri hutangulia kusikiliza, hivyo mmoja wao aje mbele atueleze walipofikia, kwa faida ya wenzake. Mbinu safi. Nashangaa sikuigundua miaka kumi na saba iliyopita.

Akaja Kiranja wa darasa, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, wa kwanza tangu kidato cha kwanza. Akasema radiani ni kipimo cha pembe, na mzunguko mzima ni radiani pai mbili. Pai ni ile alama inayofanana na kigoda cha miguu miwili. Kisha akasimama katikati ya darasa akiutazama mlango, akageuka kidogo mpaka akaelekea dirishani. Akasema hiyo ni pembe moja. Halafu akazunguka mzunguko mzima na kuishia akitazama dirisha lilelile. Akasema hiyo sasa ni pembe nyingine, kubwa zaidi, ila inaishia mahali pamoja na ile ya kwanza.

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua na anampima mwenzake. Kwa kweli sikuona sababu ya binti kujizungusha kote huko ili arudi alipokuwa tayari. Lakini kila somo na mambo yake. Nyuma kabisa Mlalaji alikuwa amelala, kama alivyolala katika historia yangu yote. Nilimwonea wivu.

Jumatano, 5 Machi

Wakati wa chai Fizikia alilalamika kwamba kidato cha nne wananakiliana mno. Eti katika jaribio lililopita watu sita waliandika jibu moja lenye kosa lilelile. Mkuu akashusha pumzi, akasema atakayekomesha jambo hilo atakuwa ameisaidia shule kuliko anavyojua. Alisema hivyo akinitazama. Au alitazama birika lililokuwa nyuma yangu. Kwa hali yoyote maneno yamenifikia.

Mpango ulinijia kabla kikombe hakijaisha. Kila mwanafunzi apewe swali lake mwenyewe! Pembe thelathini na nane, karatasi thelathini na nane. Utanakili nini kwa jirani ambaye swali lake si lako? Nilicheka peke yangu. Fizikia akaniuliza kama niko salama.

Tatizo moja tu. Pembe thelathini na nane nitazitoa wapi? Nikampigia Bi Hesabu. Mtoto alikuwa analia. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayejua lakini anataka kuthibitisha, ni njia gani ya haraka ya kupata pembe nyingine na nyingine bila kuumiza kichwa. Akasema unajumlisha pai mbili tu, na ukitaka nyingine unajumlisha tena. Akaanza kusema ila nikumbuke jambo fulani. Mtoto akapandisha sauti. Nikamwambia asijisumbue, alee. Mimi si mtu wa kumsumbua mzazi.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi imefanyika nyumbani, juu ya meza ninayogawana na cherehani ya mke wangu. Maisha yangu ni ya nusu meza kila niendako.

Nilianza na π/3, pembe tulivu, haina makuu. Pai mbili ukiziandika kwa theluthi ni 6π/3, kwa hiyo kazi yote ni kuongeza sita pale juu. Karatasi ya kwanza 7π/3. Ya pili 13π/3. Ya tatu 19π/3. Kufikia ya kumi mkono ulikuwa unajiendea wenyewe. Ya thelathini na nane ikawa 229π/3, namba ya kutisha. Hiyo nimempangia Kiranja, kwa heshima. Swali ni moja kwa wote, nililinakili kutoka kwenye daftari la Bi Hesabu: tafuta pembe iliyo kati ya sifuri na pai mbili, inayoishia mahali pamoja na pembe uliyopewa.

Mke wangu aliacha kushona akauliza hizo ni namba za nini. Nikamweleza kwa ufupi. Akashika gurudumu la cherehani, akalizungusha mara moja, akanionyesha kwamba kishikio kimerudi palepale. Akazungusha mara tano. Palepale tena. Akauliza kama hizo pembe zangu nazo hazitarudi palepale vilevile. Nikamjibu kwa upole kwamba hii ni hesabu, si sketi. Amenuna. Chakula kimekuja kimepoa, na kijiko sikukiona.

Ijumaa, 7 Machi

Siku kubwa. Asubuhi nilimpitia Mkuu nikamwambia leo kunakili kunazikwa. Mkuu akasema atafurahi kuona. Kwenye ujia Fizikia akajitolea kuzipitia karatasi zangu, eti jicho la pili halidhuru. Nikamwambia bahasha imeshafungwa. Ilikuwa haijafungwa. Nikaenda chooni nikaifunga.

Nilitenganisha madawati mpaka mengine yakatoka nje ya mlango. Niliwapa dakika arobaini. Baada ya dakika kumi wengi walikuwa wameweka kalamu chini na wanatazama dari. Kiranja akanyoosha mkono, akasema alitaka kusema jambo kuhusu maswali. Nikamwambia kwenye mtihani hakuna mazungumzo. Akasema ni jambo litakalonisaidia mimi. Nikamwambia akae. Akakaa, lakini akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyevaa shati nje ndani.

Mlalaji peke yake ndiye aliyetoka jasho mpaka kengele. Nilimpenda kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeketi kusahihisha. Majibu sikuwa nayo, na sikuona haja. Nilikusudia kuangalia hatua za kazi. Mwenye hatua nyingi ndiye anayejua zaidi.

Karatasi ya kwanza: π/3. Vizuri. Ya pili: π/3. Bahati ya kugongana, hutokea. Ya tatu: π/3. Nikasafisha miwani. Ya nne, ya tano, ya sita: π/3, π/3, π/3. Nikainuka, nikanawa uso, nikarudi. Zilikuwa bado palepale mezani, na bado zinasema π/3.

Wamenakiliana! Maswali thelathini na nane tofauti, majibu thelathini na saba yaleyale. Hata kujificha hawakujificha. Hata Kiranja, niliyempa 229π/3, namba ambayo jirani yake hakuwa nayo wala hata kuikaribia, ameandika π/3 bila haya. Damu ilinichemka.

Ni Mlalaji peke yake aliyeandika 14. Hakuna pai, hakuna hatua. Jibu lake mwenyewe, limetoka kichwani mwake mwenyewe. Nimempa mia kwa mia. Wengine wote sifuri.

Nilipotulia nikaona kwamba mambo yamekuwa mazuri kuliko nilivyopanga. Nilitaka kuzuia wizi. Sasa nimeukamata.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika ripoti. Kurasa kumi na moja. Ukurasa wa pili unaeleza nadharia ya kikohozi. Wa tatu, nadharia ya kugonga kalamu. Wa tano nimechora darasa zima, na mishale myekundu kuonyesha jinsi jibu lilivyosafiri kutoka dirishani hadi mlangoni. Mishale inapishana mahali fulani, lakini nadhani hiyo inaonyesha ukubwa wa mtandao.

Ukurasa wa mwisho ni mapendekezo. La kwanza: chumba cha Mwalimu wa Taaluma kipewe kufuli la pili.

Mke wangu alisoma kurasa mbili akaniuliza kama nimewahi kukokotoa hata swali moja. Nikamwambia hakimu haibi kuku ili ajue kuku huibwaje. Akasema sawa. Akisema sawa namna ile, si sawa. Lakini sikuwa na wakati.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemkabidhi Mkuu ripoti. Alianza kuisoma amesimama, akamaliza ameketi. Akauliza mara mbili kama nina hakika maswali yalikuwa tofauti. Nikamwekea karatasi zote mezani. 7π/3, 13π/3, 19π/3. Akazitazama. Mkuu alisomea dini na lugha. Akasema kweli zinaonekana tofauti. Akaitisha kikao cha Jumatano, pamoja na kamati ya wazazi, na akasema uteuzi utafuata baada ya hapo. Alinishika bega. Hajawahi kunishika bega.

Nimebandika matokeo ubaoni. Sifuri thelathini na saba na mia moja. Mlalaji alisimama mbele ya karatasi ile muda mrefu, akamuuliza mwenzake kama hilo ni jina lake.

Jambo moja dogo. Kiranja ana fomu ya ufadhili wa chuo. Inatakiwa kupelekwa Alhamisi, na lazima iwe na alama ya hesabu ya muhula huu, iliyotiwa saini na mwalimu wa somo. Mwalimu wa somo kwa sasa ni mimi. Aliniletea fomu wakati wa mapumziko, akaiweka mezani, upande wangu. Nikamwambia alama yake ameiona ubaoni. Hakulia. Kisha akaichukua fomu yake akaondoka, na akafunga mlango taratibu. Ningependelea angeubamiza.

Jumanne, 11 Machi

Mahojiano. Nimewaita mmoja mmoja niwaulize nani alitoa jibu. Kila mmoja anasema alikokotoa mwenyewe. Wote thelathini na saba wana maelezo yaleyale, kwamba unaondoa mizunguko mizima na kinachobaki ndicho jibu. Wamepangana mpaka maneno! Nimeongeza kurasa mbili kwenye ripoti.

Mlalaji nilimuuliza alipataje 14. Akasema aliota. Nimeandika: mkweli.

Mchana alikuja shangazi yake Kiranja, muuguzi, bado amevaa sare ya kazi. Ndiye anayemlea. Hakunigombeza. Alisema binti hajala tangu jana, na kwamba mtoto anayekaa naye hajawahi kumdanganya hata kuhusu sukari. Akaniuliza, Mwalimu, hiyo sifuri umeihesabu vizuri? Nikamwambia sifuri haihesabiwi. Alipoondoka nikajisikia vibaya. Nikajikumbusha kwamba kiongozi hujisikia vibaya mara nyingi.

Jumatano, 12 Machi

Kikao. Sijui nianzie wapi.

Nilianza vizuri. Nilionyesha mishale. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mzee mmoja fundi wa saa, aligeuza mchoro juu chini mara mbili, lakini alisikiliza. Kisha Fizikia akaomba neno. Akasema hana shaka na bidii yangu, ila angependa kuniona nikikokotoa karatasi moja tu ubaoni, yoyote nitakayo.

Nikasema ungwana unataka mtuhumiwa mwenyewe apewe nafasi. Walishangaa jinsi nilivyo mwadilifu. Kiranja akaitwa.

Akaanza na karatasi ya kwanza. 7π/3. Akasema mzunguko mzima ni 6π/3. Saba ukitoa sita inabaki moja, yaani π/3. Nikawaambia hilo ni jibu lilelile la wizi. Fizikia akampa karatasi yake yeye binti, 229π/3. Akagawa 229 kwa sita, akapata mizunguko thelathini na minane na ikabaki moja. π/3.

Nikasimama. Nikawaonyesha wajumbe kwamba hapo hapo, mbele ya macho yao, binti amejinakili mwenyewe.

Mkuu akaniuliza nani alichagua hizo namba. Nikasema ni mimi. Akauliza nilizipataje. Nikaeleza, na nakiri nilieleza kwa fahari, kwamba nilikuwa najumlisha pai mbili kila mara. Fizikia akafunika uso kwa mkono. Fundi wa saa akavua miwani, akasema kwa utaratibu sana kwamba ni kama nimeuliza watu thelathini na wanane, mshale wa saa unaelekea wapi saa sita ya leo, saa sita ya kesho, saa sita ya keshokutwa, kisha nimewashtaki kwa sababu wote wamesema juu. Shangazi yule muuguzi, aliyekaa nyuma na wazazi wengine, alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiti. Halafu wengine.

Mkuu hakucheka. Akauliza kwa nini mwenye 14 alipata mia. Nikasema lilikuwa jibu lake halisi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefuta sifuri thelathini na saba na kuandika mia thelathini na saba. Mlalaji amepata sifuri. Alikuja kunishukuru, akasema ile mia ilikuwa inamnyima usingizi.

Fomu ya Kiranja nimeitia saini saa mbili asubuhi, kabla ya yote. Nilimtafuta mwenyewe darasani. Nilikusudia kumwambia kwamba katika mazingira yale, kwa ushahidi uliokuwepo, mwalimu yeyote makini angefikia uamuzi uleule. Badala yake nikasema nisamehe, mwanangu. Sijui neno lile lilitoka wapi. Akasema ahsante, mwalimu, akakimbia nayo posta akiwa ameikumbatia. Niliona aibu, na niliona afadhali pia. Naandika hili kwa sababu humu hakuna asomaye.

Saa nne Mkuu akamtangaza Fizikia kuwa Mwalimu wa Taaluma. Makofi. Nilipiga nami, mara tatu. Alipomaliza kuhamisha vitabu vyake alirudi kunipa mkono, akasema nikihitaji msaada wa radiani mlango wake uko wazi. Hapo ndipo aliponikera kweli. Una ufunguo, kisha anauacha wazi.

Sasa nina meza nzima. Sijui niweke nini upande ule.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Hakusema lolote kuhusu gurudumu. Alinipakulia chakula cha moto na kunipa kijiko. Mwanamke huyu ana ukatili wa aina yake.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelala vizuri na akili imetulia. Nimeipitia habari yote tangu mwanzo, bila hasira, kama mwanahistoria. Nimeliona kosa langu. Nashangaa kikao kizima hakuna aliyelitaja.

Kosa lilikuwa kujumlisha. Kujumlisha ni jambo ambalo hata mtoto wa chekechea huwezi kumficha. Watu thelathini na saba wakipewa namba kubwa lazima wote watapunguza, na wakipunguza wote kwa pamoja, mambo yatafanana. Hiyo ni tabia ya binadamu.

Bado nina wiki moja na kidato cha nne. Jaribio lijalo ni Ijumaa. Mkuu ameagiza maswali yapite kwa Mwalimu wa Taaluma mpya ifikapo Jumatano. Yatapita. Yatapita Alhamisi jioni, akiwa ameshaondoka, chini ya mlango wake.

Leo nimeketi tena mezani. Sikuanza na π/3, hiyo wameizoea. Nimeanza na π/4. Na safari hii sijumlishi. Natoa! Pai mbili ukiziandika kwa robo ni 8π/4, nazo nimezitoa tena na tena mpaka namba zikazama chini ya sifuri. Karatasi ya kwanza -7π/4. Ya pili -15π/4. Ya tatu -23π/4. Ya mwisho ni -303π/4, na hiyo ni ya Kiranja, maana namwamini. Nani atanakili namba hasi? Hata kuisoma inatia baridi.

Mke wangu alipita nyuma yangu, akasoma karatasi tatu za juu, akabeba kitambaa chake akaenda kushonea kwa mkono chumbani. Nadhani ameanza kuheshimu kazi yangu.

Pembe thelathini na nane, hakuna hata moja inayofanana na ya jirani. Wakiniletea jibu moja tena, simwendei Mkuu. Naenda polisi.